Video za Kuchekesha Zilinifunza Kiingereza, Nikaisikia Siri ya Mume Wangu

Waliokuwepo sebuleni kwetu kijijini Nshamba, Jumapili zile za video, ni hawa: Projest, mume wangu; Deogratias, mdogo wake, mpakiaji wa magunia bandarini Kemondo; Bibi Kokushubila, mama yao; Adventina, rafiki yangu tuliyebatizwa naye siku moja, aliyefanya kazi hospitalini; na mimi, Leokadia, nimesimama mlangoni na kisu cha kumenyea ndizi. Wajukuu zangu, hao ndio waliokuwa watu wangu duniani!

Sasa nakaribia miaka themanini. Shule niliishia darasa la pili.

Projest alikuwa mgambo kwenye vita vya Uganda. Aliporudi alikuwa na njaa ya Kiingereza... Alisema kule hata muuza karanga alimwaibisha! Basi miaka ilipopita, biashara ya mpakani ikaleta video, naye akauza kahawa ya msimu mzima akanunua. Jenereta ilikuwa ya Deogratias. Kila Jumapili baada ya misa tunatazama vichekesho vya Wazungu.

Adventina alifika kidato cha pili, kwa hiyo ndiye aliyekuwa mwalimu. Mtu akianguka kwenye video, anatufundisha. Kamoni! Sharapu! Teki iti izi! Projest anarudia, Deogratias anarudia, hata Bibi Kokushubila na meno yake mawili anasema sharapu. Mimi hakuna aliyenifundisha. Nikicheka, Adventina ananitania, "Mama Koku, wewe unacheka kuanguka tu!"

Kumbe nilikuwa nashika yote... Nikiwa jikoni naziambia ndizi kamoni.

Kichekesho tulichokipenda kuliko vyote kilikuwa cha Mzungu mnene aliyevunja chungu cha mkewe. Akaficha vipande chini ya mto, akampigia magoti mtumishi: "Donti teli mai waifu!" Adventina akafafanua: usimwambie mke wangu. Tulicheka mpaka Deogratias akamwaga rubisi, pombe yetu ya ndizi! Toka hapo ukawa msemo wa nyumbani. Projest akidondosha tonge la ugali, anasema donti teli mai waifu, na mimi ndiye niliyecheka kuliko wote.

Halafu Projest akaanza kukonda.

Miaka hiyo UKIMWI ulikwishaingia. Watu waliuita Juliana, kwa jina la mashati yaliyovuka mpaka. Makaburi mapya yalionekana katika kila shamba la migomba... Projest alikwenda hospitali, akarudi akasema ni kifua.

Ilikuwa majira ya senene, panzi wetu wa kukaanga. Adventina alikuja, nikamkaangia mgeni wangu, nikatoa na kahawa ya kutafuna. Naingia na kikapu, namsikia mume wangu anasema kwa sauti ya chini, "Adventina, plizi. Donti teli mai waifu."

Nikangoja wacheke. Hakuna aliyecheka!

Adventina akatazama chini. Akajibu, "Okei."

Neno moja! Mtu tuliyebatizwa naye siku moja... Walisema mbele yangu, kama mtu anavyosema mbele ya mbuzi.

Niliweka kikapu chini. Nikasema kwa heshima ya Kihaya, "Karibuni senene, waitu." Nikarudi jikoni, nikausingizia moshi machozi yangu.

Nilipomsindikiza Adventina hadi mwisho wa migomba nilimpa nafasi ya kusema kweli. Nilimwuliza mume wangu anaumwa nini. Akanishika mkono, akanitazama usoni. "Malaria tu, Mama Koku. Usiwe na wasiwasi."

Toka hapo nililala na binti yangu Koku, nikidai mtoto anakohoa. Projest hakuuliza kwa nini. Je, mnaujua upweke wa watu wawili nyumba moja, kila mmoja anajua, na hakuna anayesema? Nilimwogesha, nilimlisha uji... video imefunikwa kitambaa.

Siku zake za mwisho akasema, "Leokadia, nina jambo la kukuambia."

Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba najua, "Ai no, Projest. Ai no."

Alinitazama sana. "Nani alikufundisha?"

"Ninyi."

Alicheka kidogo. Kisha akageukia ukutani, akalia, nami nikamshika mgongo mpaka akalala. Tungeyasema mapema, tungelia pamoja muda mrefu zaidi!

Projest akaenda. Deogratias akafuata. Mama yao akafa kwa majonzi. Adventina naye... hakuniomba radhi, lakini nililala kwenye nyasi zilizotandikwa msibani kwake kama ndugu. Nilipopimwa, nilikuwa mzima. Vichekesho viliniokoa, lakini waliocheka nami wameisha.

Wanaume, wake zenu wasiwe wa mwisho kujua! Marafiki, ukimya wenu unaua. Nanyi wanawake, msikubali lugha ipite juu ya vichwa vyenu ndani ya nyumba zenu. Ulizeni, hata mkichekwa!

Siku hizi, wajukuu zangu, mnanionyesha video za Kiingereza za kuchekesha kwenye simu. Natazama, nageuka nimwone nani anacheka nami...

Kama nimekosea jina, au nani alimwaga rubisi, tafadhali nisahihisheni, ninyi mliosikia habari zao. Maana kati ya wale waliokuwepo, hakuna aliyebaki wa kuniambia, "Hapana, Mama Koku, haikuwa hivyo."