Kitanda Kilichoinuliwa

Harufu ya kiberiti cha volkano ilikuwa kwenye mto wa kulalia wa Ramla, hospitalini. Sakafuni, ambako mume wake Jumaine alilala mkekani akimlinda, hewa ilikuwa safi.

Ulikuwa mwaka ule lava ilipokata mji wa Goma, na waasi ndio walioushika mji. Ramla alikuwa na ugonjwa wa sukari, mguu ulioungua, na pumzi fupi. Muuguzi Nsimire alikuwa na mpango wa sukari na wa mguu. Pumzi ilimshinda. Utambuzi wa muuguzi hutaja shida ya mgonjwa, kisha husema "kuhusiana na" na kutaja chanzo. Bila chanzo hakuna mpango, na mapafu ya Ramla yalikuwa safi. Basi akasema ni mazuku, ile hewa mbaya inayotambaa chini na kuua waliolala chini. Akaamuru kitanda kiinuliwe juu ya mawe.

"Mama Asha, sasa uko kwenye etaji," Jumaine alimtania, kama mtu anayeishi ghorofani. "Hata kutusalimia hautatusalimia."

Ramla hakucheka. "Papa Asha, munishushe. Munanipeleka karibu naye."

"Nani?"

"Ule mwenye kunikalia kifuani."

Mchana huo majivu yaliziba jua. Nsimire aliwasha mshumaa, akaushusha sakafuni kupima mazuku. Uliwaka vizuri. Akauinua polepole, ukapita ukingo wa kitanda, ukapita mkono wa Ramla, na ulipofika juu ya kifua chake moto ukalala upande mmoja, kana kwamba aliyeketi pale ameugeukia na kuuvuta ndani, ukazimika, na katika giza wakasikia pumzi mbili, moja fupi, ya Ramla, na nyingine ndefu, tulivu, kama ya mtu aliyeshiba.

"Tumushushe," Jumaine alinong'ona.

"Kitamufuata chini, papa," Nsimire alisema.

"Hakitashuka kama kitanda kiko na mutu."

Akambeba mke wake, akamlaza mkekani. Kisha akapanda yeye. Ramla akavuta pumzi ndefu, ya kwanza tangu lava.

"Iko muzito," Jumaine alisema, kwa sauti ya kawaida. "Kumbe ulivumilia."

Asubuhi muuguzi Bulonza alikuja kupokea zamu. Nsimire alisimama kando ya kitanda, akamtajia mgonjwa mpya.

"Jumaine. Mapafu ni safi. Kupumua kwa shida, kuhusiana na..."

Bulonza akangoja chanzo, kalamu mkononi.

"Mimi," alisema Ramla, kutoka sakafuni.