Damu Iliyotupwa Kwenye Ndoo

Jamani, nisikilizeni, maana jambo hili lilinitia kinyaa na mpaka leo halijanitoka.

Binti yangu ni fundi cherehani. Asubuhi moja alikuwa dirishani na kazi yake, anaimba, mumewe anapiga pasi sare za shule. Nyumba imetulia. Mara akaniita.

"Mama, hebu nitilie uzi. Tundu la sindano silioni."

Macho yake yalikuwa mekundu. Kikohozi kilikuwa hakijamwacha kwa miezi, na shingoni alikuwa na vinundu.

Tukampeleka maabara ya mtaani. Mwenye maabara tulimwita Bwana Chapchap, kwa kuwa hachelewi. Akamtoa damu, na kabla benchi halijapata joto, karatasi ikatoka: kifua kikuu. Dawa akauza mwenyewe.

Tangu siku hiyo mkwe wangu akamtenga mkewe: kikombe chake, sahani yake, chumba chake.

"Hata kicheko changu kinaambukiza, baba watoto?" binti akamuuliza.

"Cheka ukiangalia ukuta," akajibu, na hakuwa anatania.

Miezi minne baadaye jicho la kushoto likaingia giza. Tukarudi kwa Chapchap. Akatoa damu tena, akaandika: anaendelea vizuri.

Mchana huohuo mwanamke anayefagia maabara akaja kwangu kwa miguu, juani. Akafungua kitambaa. Ndani mlikuwa na chupa ya damu ya mwanangu, imejaa, jina lake juu.

"Nimeitoa kwenye ndoo ya taka, bibi. Hapimi. Nyingine anazimwaga kwenye sinki, halafu hapohapo anaosha sahani yake ya chakula."

Nilitoka nje nikatapika. Mama wa watu akanishika mabega mpaka nikamaliza, ingawa alijua kazi yake imekwisha.

Tukampeleka hospitali kubwa, na huko walipima kweli. Daktari akatueleza taratibu, bila haraka.

"Kimeng'enya kimoja kwenye damu kimepanda, na kalsiamu pia. Vinanielekeza kwenye ugonjwa mmoja, lakini magonjwa mengine nayo huvipandisha. Lazima nikate kipande cha kinundu."

Kipande kikachunguzwa, na kifua kikuu hakikuonekana. Ugonjwa ulikuwa sakoidosisi: kinga ya mwili yenyewe inajenga vinundu mapafuni, machoni, popote. Hauambukizi. Kwa dawa sahihi jicho la kulia likapona. La kushoto lilikuwa limeshakufa.

Mkwe akaja kukaa karibu na mkewe, kichwa chini.

"Kaa," binti akamwambia. "Ila usilalamike nikikuona nusu mtu."

Funzo

Karatasi si kipimo. Ulizeni damu imepimwa kipimo gani, na kitu gani kingine kimethibitisha, kwa sababu namba moja ya damu haitoshi kuutaja ugonjwa huu. Anayeandika majibu ya damu aliyoitupa ni mwizi wa macho ya watu. Mripotini, msimwonee haya. Nanyi wa nyumbani, hata ugonjwa ungekuwa wa kuambukiza, mgonjwa hutibiwa na kutunzwa. Hafanywi takataka.