Mkono wa Kabula Ghalani

Jua lilipozama, Nyanjige alichukua kigae akaenda kuomba moto kwa jirani. Kiberiti kilikuwa kimeisha, na dukani hawamuuzii.

Alijua hatapewa. Alikwenda hivyo hivyo.

Hapo kijijini Ipililo alikuwa ametengwa. Siku lilipopigwa yowe la mwano, la kuita kijiji kizima, watu wote wakatoka na fimbo kufuata wezi wa ng'ombe, yeye alibaki ndani na homa. Sungusungu, walinzi wa kijiji, hawakutaka kusikia habari ya homa. Mabula, mkubwa wao, akatangaza mbele ya watu: asisalimiwe, asipewe moto, akifa asililiwe. Sasa ulikuwa mwezi wa pili tangu atengwe. Hata kanisani, wakati wa kutakiana amani, wenzake waliuruka mkono wake kama watu wanaoruka shimo. Kisimani walisema siku hizi hata kunguru hamjibu, wakacheka.

Nyamizi, jirani yake, alimwona anakuja. Akaingia ndani, akafunga mlango taratibu.

Nyanjige akarudi kwa njia ya ghala la ushirika. Tangu wanunuzi binafsi waanze kuja na malori yao kuchukua pamba, ghala hilo halikufunguliwa tena. Leo mlango ulikuwa wazi kidogo.

Ndani watu walikuwa wanaimba.

Hapana... walikuwa wanaguna tu, midomo imefumbwa. Wimbo wa kanisani, bila maneno.

"Ingia, mayu," sauti ikanong'ona gizani. "Huku hatumtengi mtu. Mungu anapenda watu washikane."

Moyo ulimwambia kimbia. Lakini mtu kamwita mayu, mama, baada ya miezi miwili ya kuongea na mbuzi.

Akaingia.

Kulinuka pumba za mahindi. Na udongo mbichi. Watu walisimama duara. Mkono mmoja ukamshika kulia, mwingine kushoto. Mikono ya baridi, yenye sugu za jembe. Hata hivyo machozi yalimtoka, akasali kama hajawahi kusali tangu abatizwe.

Ndipo vidole vyake vikaupapasa ule mkono wa kushoto. Kidole cha kati kilikatika nusu.

Akapapasa tena...

Kabula.

Rafiki yake, yule aliyekatwa kidole na mashine ya kuchambua pamba. Yeye pia alitengwa na Mabula, mwaka jana. Akafa ghafla. Nyanjige ndiye aliyemwosha, akamkunjia mikono hii hii kifuani.

"Kabula?" akanong'ona.

Akasikia kuguna tu.

Taa ya chemli ikawashwa. Aliyeishika alikuwa Mabula. Mkono wake mwingine ulibeba sufuria ya pumba.

"Kula na wenzako, mayu," alisema kwa upole. "Alfajiri tunapalilia."

Hapo akalikumbuka shamba la Mabula, lile ambalo watu hawajui linapaliliwa lini, na nani. Na bado kiganja chake kilikuwa kinanyooka kupokea. Njaa yake haikuwa ya tumbo.

Mkono wa Kabula ukamwachia. Ukamsukuma kifuani, kwa nguvu, mara mbili, mpaka akaangukia nje ya mlango.

Akakimbia.

Asubuhi alizunguka nyumba kwa nyumba. Kote alisema yale yale: Kabula yuko ghalani, na aliyemweka ni Mabula. Wanawake waliendelea kutwanga. Nyamizi mchi ulimtoka mkononi, akauokota, akatwanga. Nani amjibu aliyetengwa, naye atengwe? Nyanjige akaenda ghalani mwenyewe. Kufuli lilikuwa na kutu, kama halijaguswa miaka. Chini ya mlango, kuku walidonoa pumba.

Jioni alikaa kizingitini peke yake. Baiskeli ikaja polepole, ikasimama. Mabula hakushuka. Alivua kofia.

"Mwadila, mayu," akamsalimia.

Nyanjige aliuma midomo. Alijua ni nani. Alijua anataka nini: mikono ya kupalilia. Njia nzima hapakuwa na mtu mwingine.

"Mwadila, baba," akajisikia anaitikia.