Sekunde Nne za Mama

Kila asubuhi Ruxanda aliwamwagia kuku mahindi, akachota maji kisimani, kisha akakaa kwenye ngazi ya jikoni na simu mapajani. Saa moja kamili mama yake alipiga kutoka Italia, alikoajiriwa kumtunza bibi kizee mmoja mgonjwa.

"Umekula?"

"Nimekula, mama. Ugali na maziwa."

"Na nywele umechana?"

"Nimechana. Mama, lini..."

Hapo kengele ya yule mgonjwa ililia, na simu ikakatika. Miaka miwili sasa ilikuwa hivyo. Swali la Ruxanda halikuwahi kufika mwisho.

Agosti hiyo kijiji kilijiandaa kwa Sikukuu ya Wana wa Kijiji, siku ambayo walioenda kufanya kazi ng'ambo hurudi nyumbani kucheza hora, ngoma ya duara, wakiwa wameshikana mikono. Mwaka huu wengi hawakupewa ruhusa, na mama yake Ruxanda alikuwa mmoja wao. Lakini Fundi Toader, msimamizi wa mitambo ya ukumbi wa kijiji, hakukubali kushindwa.

"Wasipoweza kuja, tutawaleta ukutani!" alisema.

Akawaagiza walio ng'ambo na jamaa zao wa nyumbani wajipige video wakicheza mbele ya ukuta mweupe, mikono imenyooshwa usawa wa bega. Video hizo angeziunganisha ziwe hora moja ndefu, inayotembea katika skrini tatu zilizopangwa bega kwa bega. Mchezaji akifika ukingoni mwa skrini ya kushoto, mkono wake ungepokewa na mchezaji wa skrini ya katikati. Fundi aliwagawia kazi wanafunzi wake wawili: Ruxanda skrini ya kushoto, Nicanor ya katikati. Ya kulia aliishika mwenyewe.

"Kila faili dakika sita kamili," aliwaonya. "Kompyuta ya katikati ikianza, mbili nyingine zinaanza nayo papo hapo. Baada ya hapo zote zitembee kama miguu ya mtu mmoja."

Jumamosi mchana, Fundi alipokwenda kula, Ruxanda alibaki peke yake na video ya mama. Mama alionekana kwa sekunde nne tu. Alikuwa amevaa aproni ya kazi, midomo ikihesabu hatua, na mara akapita. Ruxanda aliitazama mara kumi, mara ishirini. Kisha akaivuta ikawa ya taratibu, sekunde nne zikawa nane. Ili faili libaki dakika sita, alikata sekunde nne za mwisho, palipokuwa na giza tupu. Aliona hajamdhulumu mtu yeyote.

Jumapili saa kumi na moja jioni walifunga mapazia ya ukumbi wakafanya jaribio. Fidla ilianza, hora ikaanza kutembea. Dakika moja na nusu mambo yalikwenda sawasawa. Mama alipoingia, Ruxanda hakutazama kitu kingine chochote. Mama alielea polepole, kama mtu anayetembea ndani ya maji.

"Simamisha!" Fundi alifoka. "Angalia kushoto! Imechelewa!"

Ni kweli. Kuanzia hapo, wachezaji wote wa kushoto walikuwa nyuma ya muziki. Mikono yao ilifika ukingoni ikashika hewa. Fundi alikagua urefu wa mafaili, akakuta yote ni dakika sita. Alikagua saa za kompyuta, nazo zilikuwa sawa. Macho yake yakatua kwenye waya uliopita sakafuni.

"Nicanor! Si ndio huu waya ulioukanyaga asubuhi?"

"Niliuchomeka tena, mjomba! Haki ya Mungu!"

"Miguu kama ya ng'ombe! Toka hapa mezani, kapange viti."

Nicanor aliondoka, masikio yamemwiva kwa aibu. Walibadilisha waya na kujaribu tena. Mikono ikashika hewa tena.

Fundi alijifuta jasho. "Watu wanaingia baada ya nusu saa. Naizima ya kushoto."

"Baba yangu yuko kushoto!" Nicanor alipaza sauti kutoka kwenye viti. Baba yake alikuwa Hispania, akichuma matunda. "Anaingia baada ya mama yake Ruxanda!"

"Nifanyeje, mwanangu? Nimemaliza akili zangu zote."

Ruxanda alijua kosa ni lake. Akinyamaza, hakuna atakayejua kamwe. Alimtazama Nicanor, aliyekuwa amesimama na kiti mikononi, hajui akiweke wapi.

"Si waya," alisema. "Ni mimi. Nilimpunguza mama mwendo ili akae zaidi, nikakata mwisho wa faili usijue. Mtoe mama kabisa ukitaka, mjomba. Lakini usimzime baba yake Nicanor."

Fundi aliondoa mkono kwenye swichi.

"Kwa nini, Ruxanda?"

"Sekunde nne ni chache. Nikipepesa macho, ameshapita."

Fundi alivuta kiti. "Kaa. Rekebisha mwenyewe. Hatumtoi mtu." Kisha akamgeukia Nicanor. "Njoo, kijana. Nimekukosea mbele ya watu, nami nakuomba radhi mbele ya watu."

Nicanor alirudi amenuna. "Ningekupiga ngumi," alimnong'oneza Ruxanda, "ila mama yako amemshika baba yangu mkono. Tumeshakuwa ndugu. Harakisha!"

Saa kumi na mbili ukumbi ulijaa. Bibi Saveta, mama mzazi wa mama yake Ruxanda, alikaa mstari wa mbele na kilemba chake cha sikukuu. Fidla ikalia, watu wakaingia ukutani mmoja mmoja, na majina yao yakaitwa kwa vilio na vicheko. Kisha akaja mama. Safari hii Ruxanda alitazama skrini zote. Moja, mbili, tatu, mama akafika ukingoni, akanyoosha mkono. Upande wa pili mkono uliokunjamana ukaupokea. Ulikuwa wa Bibi Saveta, ambaye Nicanor alikuwa amempiga video uani kwake. Bibi na binti yake wakashikana juu ya mstari mwembamba wa giza kati ya skrini, wakaenda pamoja.

Ruxanda alilia bila kujificha.

Baadaye Fundi Toader alikuja kusimama kando yake. "Ulitaka abaki, najua. Nami nina kaka yangu katika skrini ya kulia. Lakini hawa wameshikana, binti yangu. Ukimzuia mmoja kwa siri, unawaachanisha wote, na aibu inamwangukia asiye na kosa. Umesema ukweli kwa kuchelewa, ila umeusema ukijua unaweza kumpoteza mama yako ukutani. Siku nyingine useme mapema, kabla mwenzako hajafukuzwa mezani."

"Ndiyo, mjomba."

Taa ziliwashwa, watu wakaanza kutoka. Mstari wa mbele Bibi Saveta alikuwa bado ameketi, ameukunja mkono wake wa kulia kifuani, kana kwamba ndani yake kulikuwa na kitu asichotaka kidondoke.