Filimbi ya Leonia

Asubuhi moja uma za foklifti, ile mashine ya kuinulia mizigo, zilikutwa juu. Jioni iliyotangulia Romani, dereva wake, alizishusha mpaka zikagusa sakafu, akachomoa ufunguo, akaenda nao nyumbani. Ghala lenyewe, hapo Sumbawanga mjini, lilifungwa kwa kufuli lisilo na mchezo. Lakini uma zilikuwa juu, usawa wa kifua cha mtu, na zilinuka nywele zilizoloa.

"Mafuta yanavuja," alisema Bwana Stanley, msimamizi. Kwake yeye kila kitu kilikuwa kinavuja.

Serikali ilipomuuzia tajiri ghala lile, tajiri alileta mashine hiyo, iliyokwisha kutumika ng'ambo ya ziwa, ikashushwa bandarini Kasanga. Wapakiaji waliipenda mno. Aliyetaka kufika juu ya rundo la magunia ya mahindi alisimama kwenye uma akainuliwa, huku akipunga mkono kama bwana harusi.

Ignasi, mpakiaji kijana, aliinuliwa hivyo msimu wa mavuno. Romani aliapa kwamba mkono wake haukugusa kitu, ila uma ziliinama zenyewe, zikamwaga yule kijana sakafuni, kisha zikashuka juu yake taratibu. Leonia, mshona magunia, alikuwa ameketi karibu, sindano mkononi. Kabla Ignasi hajapiga kelele, Leonia alisikia kitu kikicheka ndani ya injini.

Tangu siku hiyo Leonia hakulala vizuri, maana mumewe, Zenon, alikuwa mpakiaji humo humo, na kwa mzaha hakuwa na mpinzani.

Baada ya mazishi ya Ignasi Bwana Stanley alimpa Leonia kazi ya usalama, pamoja na filimbi ya kuvaa shingoni. Kila asubuhi akawafundisha: hakuna kupanda uma, hakuna kupita chini yake. Filimbi ikilia, toka njiani, bandika mgongo kwenye magunia, usitikisike mpaka ilie tena.

"Na injini ikinguruma hamtasikia maneno," aliwaambia. "Kwa hiyo msifuate kelele za mtu, hata zangu. Fuateni filimbi."

"Mama Rosina," Zenon alidakia, "nyumbani unanifokea, kazini unanipigia filimbi. Refa gani wewe?"

Wenzake wakavunjika mbavu. Leonia hakucheka. Nyumbani alimshika mumewe mkono.

"Baba Rosina, nakuomba. Mimi nashona magunia. Usinifanye nishone sanda."

Zenon alitaka kutania, akautazama uso wa mkewe, akaapa kuitii filimbi. Kuanzia kesho yake yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kubandika mgongo, akimvuta kila mzembe kwa ukosi wa shati. Leonia alifurahi mpaka machozi yakamlenga.

Uma ziliendelea kukutwa juu. Mwishowe tajiri akakubali aitwe Mama Coleta, mganga wa kijiji cha Mollo. Alifika mchana, akaiosha mashine kwa dawa huku akinong'ona Kifipa. Injini isiyo na ufunguo ikakohoa, ikatetemeka, bomba likatapika maji meusi yenye harufu ile ile ya nywele. Kisha kimya.

"Shikamoo mama," Leonia alinong'ona. "Limetoka, hilo dudu?"

"Marahaba, mwanangu. Kwenye chuma limetoka." Mganga alitazama paa, akatazama mlango. "Ila hapa mlangoni sijaliona likipita. Fungeni ghala kwanza."

"Malori ya Kasanga yanasubiri," alisema Bwana Stanley.

Kazi ikaendelea. Uma zilikutwa chini kila asubuhi, watu wakaanza kuimba tena, na hata Leonia akapata usingizi.

Alasiri moja ya ukungu umeme ulikatika. Leonia alikuwa akitunga uzi kwenye sindano, na Romani alikuwa nje mlangoni akila muhogo, ufunguo ukiwa mfukoni mwake, filimbi ilipolia. Leonia aliinamisha macho akaiona filimbi imelala kifuani pake, kavu, na mdomoni mwake hamna kitu isipokuwa ncha ya uzi, na bado mlio ule uliotoka nyuma ya rundo kubwa ulikuwa mlio wake yeye, anavyouvuta na anavyoukata, na wapakiaji, wanafunzi wake wema, walikuwa wamekwisha kutoka njiani na kubandika migongo kwenye rundo lile lile, Zenon akiwa wa kwanza, wakati upande wa pili injini ilipowaka na harufu ya nywele zilizoloa ikajaa ghala zima na magunia ya juu kabisa yakaanza kucheza.

"Tokeni! Baba Rosina, toka hapo!"

Zenon aliuona mdomo wa mkewe ukifunguka. Akatikisa kichwa polepole, kama anayemkumbusha mwalimu somo lake, akazidi kujibana kwenye magunia, na kijana aliyekuwa pembeni yake akitaka kukimbia akamrudisha kwa mkono.

Leonia alikimbia akiwa ameiweka filimbi mdomoni, apulize ule mlio wa pili, wa kuwaruhusu. Akapuliza kwa pumzi yake yote. Hewa ilipita, sauti haikutoka. Akapuliza tena, mashavu yakimuuma, na rundo zima likainama mbele, na chini yake Zenon alikuwa bado anamtazama usoni, anasubiri filimbi.