Siku Kumi na Tisa Zisizopimwa

Nyumbani kwa akina Valchar, juu kabisa ya kijiji cha Kamenna katika milima ya Moravia, masomo yalianza kila siku kwa wimbo. Mama alimpakata mtoto mchanga akaimba sauti ya kwanza. Noemi, binti wa miaka kumi na miwili, aliimba sauti ya pili. Mdogo wake Matous aliimba sauti anayoijua mwenyewe. Kisha walisoma Maandiko, wakaomba, na madaftari ya hesabu yakafunguliwa palepale mezani, kando ya makombo ya mkate na bakuli la jamu.

Noemi hakuwa na mwalimu mwingine ila mama yake, na jioni baba yake, aliyefanya kazi katika kiwanda cha mbao. Wazazi wake waliamini kwamba kulea na kufundisha ni kazi moja, nao waliitaka kazi hiyo wenyewe. Watu wa bondeni walikuwa na maneno yao. Wengine waliwaita watakatifu wa mlimani, na hawakuwa wakiwasifu.

Sheria iliruhusu, lakini kwa sharti. Kila Januari na kila Juni, Noemi aliteremka kwenye shule ya kijiji kupimwa. Akionekana hasongi mbele, ruhusa ya kusomea nyumbani ingefutwa.

Mwezi Septemba shule ilimpa kazi ya muhula mzima: kupima hali ya joto nje ya nyumba kila siku saa moja asubuhi na kuiandika katika daftari. Septemba na Oktoba alipima bila kukosa. Novemba baridi ilipokaza, kitanda kikawa kitamu. Akaruka siku moja, kisha tatu, kisha wiki, na nyingine hapa na pale. Siku moja kabla ya mtihani alihesabu nafasi zilizo wazi: kumi na tisa. Akachukua penseli, akazijaza zote kwa muda mfupi kuliko wa kumenya kiazi. Nyuzi mbili chini ya sifuri, nyuzi nne, nyuzi tatu. Zilifanana kabisa na za kweli. Mama, mtoto akimlilia mgongoni, aliweka saini chini ya kila ukurasa bila kutazama.

Asubuhi iliyofuata, wanafunzi wa darasa la sita walikuwa wamejaa kwenye korido ya shule.

"Oyaa, sista amekuja!" kijana mmoja alipaza sauti. "Eti Noemi, wakati wa mapumziko unacheza na nani? Na kuku?"

"Ndiyo," Noemi alijibu bila kupunguza mwendo. "Kuku wetu wana adabu. Hawapigi kelele kwenye korido."

Wenzake wakamcheka kijana yule badala ya kumcheka Noemi.

Katika chumba cha mtihani walikuwamo Mwalimu Kubanova wa hesabu na Bwana Zbranek, mwalimu mkuu. Mama aliruhusiwa kukaa nyuma na mtoto, ila asiseme neno. Noemi alipewa karatasi ya maswali ishirini na dakika arobaini na tano. Dakika ya ishirini alikuwa amemaliza.

Mwalimu Kubanova aliisahihisha kwa kalamu nyekundu ambayo haikupata pa kugusa. Akaisahihisha tena. Kisha akaivua miwani yake.

"Noemi, maswali haya umeyaona wapi?"

"Hapa, Mwalimu. Sasa hivi."

"Wanafunzi wangu ninaowafundisha kila siku hawamalizi karatasi hii kwa nusu saa. Sema tu ukweli. Nani amekupa majibu? Mama?"

Mama alijiinua kidogo kwenye kiti, lakini Noemi alishasimama. Mashavu yake yalikuwa yakiwaka.

"Mama yangu hajaiona karatasi hii. Na mimi siyo mwizi. Kwetu hatudanganyi, Mwalimu! Kama huniamini, nitungie mengine. Magumu. Nitayafanya ubaoni mbele yako."

"Punguza sauti, binti," alisema Bwana Zbranek.

"Nimeitwa mwongo, Mwalimu Mkuu. Nipunguze vipi?"

Bwana Zbranek alimtazama Mwalimu Kubanova, akainua mabega. Mwalimu Kubanova akachukua chaki.

"Haya. Pipa lina lita tisini za maji. Imetolewa theluthi moja, halafu robo ya kilichobaki. Zimebaki lita ngapi, na ni asilimia ngapi ya pipa zima?"

"Theluthi ya tisini ni thelathini, zinabaki sitini. Robo ya sitini ni kumi na tano, zinabaki arobaini na tano. Ni nusu. Asilimia hamsini."

Alitungiwa la pili, la tatu, la nne. Tangu akiwa na miaka saba alikuwa akimsaidia baba yake kupima na kugawanya mbao, na hesabu za sehemu alizichezea kama wenzake wanavyochezea mpira. Alipofika swali la sita, Mwalimu Kubanova aliweka chaki chini.

"Inatosha," alisema polepole. "Ni kazi yako mwenyewe. Nimekukosea, Noemi. Unisamehe."

Noemi alirudi kukaa, kichwa juu. Alijiona mshindi.

Hapo Bwana Zbranek akalifungua daftari la hali ya hewa. Alipekua kurasa, uso wake ukanawiri. "Tazama hili! Hakuna siku hata moja iliyorukwa, hata Desemba. Mwalimu Kubanova, darasa la sita watalitumia kuchora grafu. Mtoto anayetoka nje kwenye theluji kila asubuhi bila kusimamiwa, huyo haibi majibu."

Dakika chache tu zilizopita Noemi alikuwa amepiga kelele kwamba kwao hawadanganyi. Hakuna aliyemuuliza kitu. Angeweza kunyamaza, akaondoka na ushindi wake mzima. Alimtazama Mwalimu Kubanova. Mwanamke yule alikuwa ameomba radhi bila kuzungukazunguka, mbele ya mtoto.

"Siku kumi na tisa humo ni za uongo," alisema Noemi.

Bwana Zbranek aliinua macho kutoka kwenye daftari.

"Sikupima. Nilijaza jana kwa kubuni. Mama hakujua." Hakuinamisha kichwa. "Ila hesabu nimefanya mwenyewe. Msichanganye, tafadhali. Adhabu ya uongo nitaipokea, lakini hesabu zangu ni za kweli."

"Hesabu hakuna anayezigusa," alisema Mwalimu Kubanova.

Bwana Zbranek alilifunga daftari. "Hesabu umepata alama ya juu kabisa," alisema. "Sayansi sikupi alama leo. Utafuta siku zote kumi na tisa, na utaendelea kupima mpaka mwisho wa Machi. Ukileta daftari la kweli, nitakupa alama. Usipolileta, itabidi tuzungumze tena na wazazi wako kuhusu ruhusa."

Wakipanda mlima kurudi nyumbani, theluji ikiwafika vifundoni, Mama alisimama kwenye daraja.

"Umeniaibisha," alisema.

"Najua, Mama."

"Sijamaliza. Nami nilitia saini kurasa ambazo sikuzisoma. Saini yangu nayo imedanganya. Leo nitamwandikia Bwana Zbranek nimwambie hivyo." Alimhamishia mtoto bega la pili. "Ulipoonewa ulisimama, nami nilifurahi. Kisha ukasimama tena, safari hii kujishtaki mwenyewe, na hapo nilitamani kulia. Ukaidi huo usiuache, mwanangu. Utumie kuulinda ukweli, hata siku ukweli unapokuumiza wewe."

Noemi akamshika mkono. Siku hiyohiyo aliketi mezani, akafuta tarakimu moja baada ya nyingine mpaka zikaisha kumi na tisa.

Mwisho wa Machi alilipeleka daftari. Nafasi zile kumi na tisa zilikuwa wazi, na mwezi Februari zilikuwapo nyingine mbili, kila moja na maneno haya: "Sikupima, nilikuwa na homa." Bwana Zbranek akampa alama yake ya sayansi, kisha Mwalimu Kubanova akamwita aingie naye darasa la sita.

"Mtachora grafu kutokana na daftari hili," aliwaambia wanafunzi. "Palipo wazi, paacheni wazi."

Msichana mmoja aliinua mkono. "Mwalimu, kwa nini asikisie tu? Siku ya kabla ipo, na ya baadaye ipo."

"Kwa sababu hakupima," alijibu Mwalimu Kubanova. "Mtu anayekubali kuandika 'sijui' pale asipojua, huyo ndiye ninayemwamini anaponiambia anajua. Haya, chukueni rula."