Alama za Kaka

Kila siku nikitoka shule nilivua sare, nikala, kisha nikaenda kwenye karakana ya baba nyuma ya nyumba yetu. Kazi yangu ilikuwa kuosha vipuri kwa mafuta ya taa. Nilivisugua mpaka kaka akanibandika jina la Bi Usafi. "Bi Usafi akiachiwa injini, ataipiga pasi," alikuwa akisema, nami nikimrushia kitambaa kichafu.

Kaka alifariki miezi minne iliyopita, baada ya kuugua siku kumi na moja tu. Alikuwa anaunda upya ekseli, mhimili wa magurudumu ya nyuma ya gari la babu, gari kuukuu linalomzidi baba umri. Vipuri vyake vilibaki kwenye karai, vimefunikwa gunia, na baba hakuvigusa. Mezani alikuwa akila vijiko viwili vitatu, kisha anasukuma sahani.

Jumatatu moja aliliondoa lile gunia. "Mwanangu, tuimalize kazi ya kaka yako," aliniambia. "Vioshe hivi nikanunue oili. Ila alama alizotia usiziguse."

Ndani ya karai kulikuwa na vibano viwili vya chuma vinavyoshika beringi, kimoja kushoto, kimoja kulia. Ukivitazama ni kama pacha, lakini kila kimoja kimechongwa kwa upande wake na hakikai kwingine. Kaka alikuwa amevitia alama kwa wino wangu mweupe wa kufutia: nukta moja kushoto, nukta mbili kulia.

Nilianza kuosha, na harufu ya mafuta ikanikumbusha sauti yake. Nikalia huku nasugua. Nilipopangusa macho, vibano vilikuwa vinang'aa na nukta hazikuwepo.

Nilitoa wino kwenye mkoba wa shule, nikabahatisha, nikatia nukta upya. Nilijiambia hakuna atakayejua.

Baba aliporudi alivishika vile vibano, akapitisha kidole gumba juu ya nukta taratibu. "Tazama," alisema. "Mkono wa kaka yako huu." Jioni ile alimaliza sahani nzima, akaomba nyingine. Mama alinivuta jikoni, akaninong'oneza, "Baba yako leo amekula." Alikuwa anatabasamu, na sikumbuki mara ya mwisho alitabasamu lini. Ningemwambia nini? Nilichukua sufuria, nikaenda kumwongezea baba chakula.

Kesho yake alasiri baba alifunga vibano, akakaza bolti, akajaribu kuzungusha gia kubwa ya ekseli. Ilikuwa nzito, haizunguki. Akalegeza, akakaza tena, hali ikawa ileile. Mara ya tatu aliketi juu ya tairi, akashika kichwa.

"Nimevifunga kama alivyotia alama, kumbe alikosea kuvisawazisha," alisema polepole. "Nilimfundisha mwenyewe, na kitu kidogo hivi kimemshinda. Alizembea tu." Akanyoosha mkono, akachukua tupa ya kukerezea chuma. "Itabidi nivipunguze."

Vipuri vya gari lile havipatikani tena. Vikishakatwa, ekseli imekwisha. Lakini kilichoniuma zaidi hakikuwa chuma. Kaka alikuwa kaburini, hana mdomo wa kujitetea, na mimi nilikuwa nimemtwika kosa langu.

"Baba, usikate," nilisema. "Kaka hakukosea. Alama zake nilizifuta wakati naosha. Nilikuwa nalia, sikuona. Hizo nimetia mimi."

Tupa ikasimama.

"Zote ulizifuta?"

"Zote."

"Hata moja haikubaki?"

"Hata moja, baba. Nisamehe."

Aliweka tupa chini. Kisha akatoka nje, akasimama ameuelekea ukuta, na mabega yake yakawa yanatikisika. Sikuwahi kumwona baba akilia, hata siku ya mazishi. Nilitamani angenichapa tu, yaishe.

Aliporudi alikuwa amenawa uso. Alizifuta nukta zangu kwa kitambaa, akabadilisha pande za vibano, akanishika kidole. "Pitisha ukucha hapa kwenye kiungo. Unakwama popote?"

"Haukwami."

"Basi kimekaa kwake. Kaza wewe."

Nilikaza bolti moja baada ya nyingine huku baba akinielekeza. Nikaisukuma gia kwa kidole kimoja, ikazunguka bila kukwama.

"Sikiliza, mwanangu," baba alisema. "Kufuta kulikuwa bahati mbaya, sikulaumu. Kunidanganya ndiko kulikoniumiza. Nilifurahi kuuona mkono wake, kumbe haukuwa wake. Na ungenyamaza, ningeharibu chuma kizima, halafu ningeishi nikiamini mwanangu alikuwa mzembe. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, kabla mtu mwingine hajalibeba kosa lako. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, baba."

Jioni hakula sana. Mama alimtazama, akanitazama na mimi, akauliza, "Kuna nini tena?"

"Ekseli imekubali," baba alijibu. "Kijana wetu, mama watoto, hakukosea mahali popote."

Mama aliweka mwiko chini, akaja kuketi kati yetu, na sote watatu tukamlilia kaka pamoja.